Ukali Ndani ya Kioo: Utangulizi wa Ufugaji wa Samaki Wadogo Wagomvi

Katika samaki wadogo wakali wanaofugwa majumbani, anayesakwa sana siku hizi ni bunju mmoja kutoka mito ya Kerala, kusini mwa India. Hora na Nair walimwandika rasmi mwaka 1941, na leo anaitwa Carinotetraodon travancoricus. Urefu wake ni kama sentimita tatu tu. Macho yake hugeuka kila moja upande wake, mwili umejaa madoa, naye huelea karibu na kioo akimkagua mwenye nyumba kana kwamba yeye ndiye aliyemnunua. Mgeni akimwona hucheka. Mwenye tangi hacheki, kwa sababu anaijua kazi ya yale meno manne yaliyoungana: kuvunja konokono, na konokono wakiisha, kukata mapezi ya jirani. Weka madume wawili katika tangi la lita ishirini, na haitachukua muda mrefu kabla hujabaki na mmoja.

Nimeanza na bunju kwa kuwa ndiye anayewavuta wengi kwenye fani hii, lakini sitakaa naye. Bonde la Ziwa Victoria halina bunju. Wavuvi wa pwani wanamfahamu wa baharini pamoja na sumu yake. Ziwa Tanganyika lina mbu, bunju wa maji baridi anayeweza kufika sentimita 67 na asiyefaa kabisa sebuleni. Ziwa Turkana lina ndugu yake, fahaka. Kwetu, maji yanayoshuka na Mto Simiyu huishia Ghuba ya Speke, na huko mgomvi mdogo ni furu.

Najua jina hilo halimsisimui mtu. Kwa wakazi wa Busega, wilaya pekee ya Mkoa wa Simiyu inayogusa ziwa, furu ni yule samaki wa miba anayebaki kwenye ungo baada ya sato na sangara kupata wanunuzi. Bei yake ndogo, heshima yake ndogo zaidi. Lakini Uholanzi, Uswisi na Marekani wapo wataalamu waliotumia sehemu kubwa ya maisha yao ya kazi kumtazama samaki huyuhuyu akigombana. Shabaha ya utangulizi huu ni kumwonyesha msomaji wa Bariadi, Lamadi au Mwanhuzi kwamba utafiti huo unaweza kufanyika nyumbani kwake, tena akiwa karibu na ziwa kuliko wao.

Furu si aina moja. Ziwa Victoria lina, au lilikuwa na, aina zaidi ya 500, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Matope yaliyochimbwa chini ya ziwa yanaonyesha kwamba kiasi cha miaka 15,000 iliyopita ziwa lilikuwa limekauka, kisha likajaa upya. Ndani ya muda huo, ambao kwa hesabu ya jiolojia ni mfupi mno, furu waligawana kazi zote za ziwa: wapo wanaokwangua mwani kwenye mawe, wanaochuja vijidudu majini, wanaovunja konokono, wanaokula samaki wenzao, na hata wanaoishi kwa kupora mayai na vifaranga vinywani mwa majike. Maana jike la furu halina kiota. Likishataga huyaokota mayai na kuyatunza kinywani wiki mbili hadi tatu, likila kidogo sana au lisile kabisa. Dume halisaidii. Kazi ya dume ni rangi na eneo, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Elimu ya ugomvi wa samaki ilizaliwa mbele ya kioo, mbali na ziwa letu. Katika miaka ya 1930, kwenye Chuo Kikuu cha Leiden nchini Uholanzi, Niko Tinbergen alifuga samaki wadogo wenye miiba mgongoni, wale wanaopatikana kwenye mitaro ya kwao. Wakati wa kuzaliana dume hupata tumbo jekundu. Tinbergen aliona kwamba umbo la ovyo lililopakwa rangi nyekundu upande wa chini lilishambuliwa kuliko sanamu ya samaki iliyochongwa vizuri lakini haina wekundu. Gari jekundu la posta lilipopita nje ya dirisha, madume walikimbilia upande ule wa tangi wakiwa tayari kwa vita. Mwaka 1973 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Karl von Frisch na Konrad Lorenz.

Huyo Lorenz anatuhusu kwa namna nyingine. Katika kitabu chake kuhusu ukali cha mwaka 1963 alidai kwamba ugomvi hujilimbikiza ndani ya mnyama hata asipochokozwa, hadi utafute pa kutokea. Ushahidi wake mmoja ulitoka kwa wafugaji wa sikilidi, ukoo mkubwa wa samaki ambao furu na sato wamo: ukiondoa madume jirani kwenye tangi, dume aliyebaki humgeukia jike wake na anaweza kumwua. Jambo lenyewe ni kweli, na kila mfugaji hulishuhudia mapema au baadaye. Maelezo yake ndiyo siyakubali. Ziwani jike asiyetaka kusumbuliwa huogelea mita chache akapotea. Dume humfukuza hadi mpaka wa eneo lake, kisha hurudi. Kwenye tangi mpaka haufikiki. Jike amekwisha kufukuzwa na bado yupo machoni pa dume, na kuwepo kwake ni uchokozi mpya kila dakika. Hatuhitaji kudhani kuna shinikizo linalopanda ndani ya samaki. Inatosha kuona kwamba tumeziba njia ya kuondokea.

Mambo mengi ya kiufundi katika ufugaji huu, kuanzia ukubwa wa tangi hadi mpangilio wa mawe na idadi ya samaki, ni jitihada za kuirudisha njia hiyo.

Kutoka Leiden hiyohiyo, mwishoni mwa miaka ya 1970, kikundi cha watafiti kilichojulikana kwa kifupi HEST kilikuja kufanya kazi kwenye Ghuba ya Mwanza. Kabla yao Michael Graham alikuwa amechunguza uvuvi wa ziwa zima mwaka 1927 na 1928, na Humphrey Greenwood alikuwa amepanga furu kwa mifupa na meno yao kwa miaka mingi, akianzia Jinja. HEST, wakiwamo Kees Barel na Frans Witte, walitaka kujua samaki hai anaishi vipi. Walifika wakati mbaya. Sangara aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 alifurika kwenye Ghuba ya Mwanza katika miaka ya 1980, na furu ambao awali walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa wakawa hawaonekani nyavuni. Watafiti walikadiria kuwa aina kama 200 zilitoweka. Tijs Goldschmidt, mmoja wa kikundi hicho, aliandika habari hizi katika kitabu kilichotoka kwa Kiholanzi mwaka 1994, na ningependa siku moja kukisoma kwa Kiswahili.

Walionusurika vizuri zaidi ni furu wa miambani, ambao wavuvi huwaita mbipi. Sangara hapendi kuingia kwenye nyufa. Mjerumani Ole Seehausen aliwafuata huko kwenye visiwa vya mawe, hasa Makobe katika Ghuba ya Speke, na mwaka 1998 yeye na wenzake walitoa orodha rasmi ya mbipi yenye majina kama Mbipia na Pundamilia. Mmoja wao, Pundamilia nyererei, alikuwa amepewa jina la Mwalimu tangu mwaka 1985 na Witte-Maas na Witte. Dume wake ana mgongo mwekundu na ubavu wa manjano wenye mistari myeusi. Ndugu yake wa karibu, Pundamilia pundamilia, ni wa rangi ya buluu-kijivu. Majike wao hata mtaalamu huwachanganya.

Hapa tangi lilifanya kazi ambayo ziwa lisingeweza. Seehausen na van Alphen waliwaweka majike wa aina zote mbili pamoja na madume chini ya mwanga mweupe, na kila jike alimfuata dume wa kwao. Walipobadilisha taa ili rangi zisitofautike, majike wakaacha kuchagua. Jambo hilo linaonekana ziwani pia: Makobe, ambako maji ni safi, aina hizo mbili zimetengana, lakini kwenye kisiwa cha Luanso, kusini mwa Ghuba ya Mwanza kwenye maji ya tope, zimechanganyika. Peter Dijkstra na wenzake wakauliza swali la ugomvi. Waligundua kwamba dume mwekundu humshinda wa buluu mara nyingi chini ya mwanga mweupe, lakini chini ya mwanga wa kijani faida hiyo hupotea. Nguvu za misuli hazikubadilika. Kilichobadilika ni kile mpinzani alichokiona.

Mfugaji aliyesoma majaribio hayo hanunui tena taa kwa kufuata urembo. Taa nyeupe ya kawaida humwonyesha samaki alivyo, kwako na kwa wenzake. Taa za buluu kali zinazouzwa kwa ajili ya mapambo huwavuruga. Aidha, madume wanaofanana rangi ndio wanaogombana zaidi mara nyingi, hivyo ukitaka madume kadhaa katika tangi moja, tafuta wasiofanana.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote lilifanywa Stanford kwa furu wa Ziwa Tanganyika, Astatotilapia burtoni. Mwaka 2007 Logan Grosenick, Tricia Clement na Russell Fernald walimweka dume mmoja katikati kama mtazamaji, akiwatazama madume watano wakipigana wawili wawili pembeni yake. Wa kwanza alimshinda wa pili, wa pili akamshinda wa tatu, hivyo hadi wa tano. Kisha mtazamaji aliwekwa kati ya madume wawili ambao hakuwahi kuwaona wakipigana, kwa mfano wa pili na wa nne. Alisogea upande wa yule dhaifu. Alikuwa ameunganisha matokeo na kupata cheo cha kila mmoja. Samaki huyo ana urefu usiofika kidole cha kati.

Maana yake ni kwamba hakuna ugomvi wa wawili ndani ya tangi. Kila pambano lina watazamaji wanaojifunza. Fernald na wenzake walionyesha pia kwamba ukimwondoa mbabe usiku, asubuhi mnyonge aliyekuwa chini yake hubadilika ndani ya dakika chache: mstari mweusi unatokea chini ya jicho, rangi zinawaka, na ubongo wake unaanza kuamsha mwili kwa uzazi. Kwa hiyo mfugaji anayemtoa mkorofi akidhani ameleta amani amefungua tu nafasi ya kazi.

Tuje sasa kwenye tangi lenyewe. Kwa furu wa miambani sishauri chini ya sentimita 120 kwa 45 kwa 45, yaani lita 243. Fundi vioo mzuri ataliunganisha kwa silikoni maalumu ya matangi ya samaki, isiyo na dawa ya kuzuia kuvu, na mshauriane naye unene wa kioo kabla ya kukata. Maji peke yake yatakuwa na uzito wa kilo 243, na mawe yatapandisha zaidi ya 300. Kabati la televisheni halibebi mzigo huo. Nenda kwa fundi wa kuchomelea akutengenezee meza ya chuma.

Mawe hatuna shida nayo. Itale ya vilima vinavyozunguka Bariadi haiyeyuki majini wala haibadilishi sana kemia yake. Osha, chemsha yale madogo, kisha yapange moja kwa moja juu ya kioo cha chini kilichotandikwa kipande laini cha plastiki, mchanga ufuate baadaye, ili samaki wanaofukua wasiliangushe rundo. Wanaoanza huwa wanapanga mawe mafupi chini, ili samaki waonekane. Wewe panga hadi karibu na uso wa maji, na acha matundu yanayopitika pande mbili. Shimo lenye mlango mmoja ni mtego: aliyeshindwa huingia humo na kunyukwa hadi kufa. Kilicho muhimu zaidi ni kukata mstari wa macho. Dume aliye kushoto asimwone aliye kulia. Mita moja na sentimita ishirini yenye ukuta wa mawe katikati ni kubwa kuliko mita mbili tupu.

Kisha jifunze kusoma ugomvi kabla haujawa jeraha. Furu huanza kwa adabu. Dume hujionyesha ubavu, mapezi yote yametanuliwa, mwili ukitetemeka. Mpinzani akijibu, huvimbisha koo. Wasipoelewana huanza kuzungukana, kila mmoja akiulenga mkia wa mwenzake, na mwisho kabisa hukamatana midomo na kusukumana. Mapambano ya midomo yanatisha kuyaona, lakini mara nyingi hayaui. Kinachoua ni ufukuzaji wa kimyakimya unaoendelea siku nzima baada ya pambano kwisha. Mtafute samaki aliyefifia rangi, amejibana kwenye kona ya juu karibu na chujio, mapezi yamekunjwa. Huyo mwondoe siku hiyohiyo. Kumbuka pia kwamba kumrudisha baada ya wiki ni kumleta mgeni kwenye nchi iliyokwisha kugawanywa, hivyo kabla hujamrudisha hamisha mawe ili kila mtu aanze upya, na umrudishe taa zikiwa zimezimwa.

Kwa wanaoanza, dume mmoja na majike watano au sita wa aina moja ni utaratibu unaosamehe makosa. Usumbufu wa dume hugawanyika, na jike aliyebeba mayai hupata pumziko. Yeye utamtambua kwa taya la chini lililovimba na kwa kutafunatafuna bila chakula.

Kuhusu chakula nina neno moja zaidi ya kawaida, kwa kuwa linawarudisha bunju na furu mahali pamoja. Meno ya bunju hayaachi kukua. Akikosa konokono wa kuvunja, hurefuka hadi mdomo usifunguke vizuri. Furu mvunja konokono, Astatoreochromis alluaudi, ana shida ya kinyume. Kinu chake kipo kooni, mfupa mzito wenye meno mapana. Greenwood alionyesha mwaka 1965 kwamba samaki wa aina hiyo waliokulia kwenye chakula laini walipata mfupa mwembamba na meno madogo. Ugunduzi huo haukubaki wa kitaaluma tu. Samaki huyu alikuwa amepewa matumaini makubwa ya kumaliza konokono wanaoeneza kichocho, na alipopelekwa kwenye mabwawa ya Kamerun matumaini hayo hayakutimia: mabwawani kulikuwa na vyakula laini, na kinu kikadhoofika.

Mkoa wa Simiyu unakijua kichocho. Konokono wa Bulinus na Biomphalaria wanapatikana kwenye malambo na kingo za maji, na mfugaji anayeingia lamboni miguu mitupu kutafutia samaki wake chakula anajiweka hatarini kwa jambo lisilo la lazima. Anzisha ndoo yako ya konokono kutokana na mayai, yale yanayonata kama utelezi juu ya majani ya majini, na uyatoe kwa koleo ukiwa na glavu na mabuti. Konokono aliyeanguliwa kwenye maji safi ya ndoo hana vimelea hivyo, kwa kuwa huvipata tu kwenye maji yaliyoingia mkojo au kinyesi cha mgonjwa. Viluwiluwi wa mbu ni chakula kizuri pia, na hakuna jirani atakayelalamika ukiwamaliza.

Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi yakipigwa hewa usiku kucha kabla ya kuyatumia. Ya kisima yapimwe: maeneo kadhaa ya mkoa, Meatu ikiwemo, yana floraidi nyingi ardhini, na mengine yana chumvi. Furu wanapenda maji yasiyo na tindikali, pH ya 7.5 hadi 8.5 inawafaa, na joto la nyuzi 24 hadi 27. Usiku wa Juni na Julai huenda ukahitaji kipasha maji. Tangi jipya lisipewe samaki wengi kabla bakteria hawajajijenga kwenye chujio, kazi inayochukua wiki nne hadi sita. Hao ndio wanaogeuza amonia ya mavi ya samaki kuwa naitraiti, kisha naitreti isiyo na madhara makubwa, ambayo wewe huiondoa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Umeme ukikatika, kinachoanza kukosekana ni hewa. Pampu ndogo ya betri na chujio la sponji vitawavusha samaki hadi umeme urudi.

Limebaki suala la kuwapata. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inadhibiti uvuvi kwa leseni, hivyo mtu anayetaka furu hai kutoka Ghuba ya Speke aanze kwa afisa uvuvi wa halmashauri, si kwa nyavu. Mvuvi mwenye leseni anaweza kukutengea furu wachache walio hai kwenye ndoo yenye kifuniko. Wachague wadogo, wa mahali pamoja, na uandike jina la mwalo walikotoka, maana majina ya aina unaweza kuyakosea lakini mwalo hautakudanganya. Ukiwachanganya waliotoka sehemu tofauti, watazaana bila kukuuliza, hasa chini ya taa mbaya, na utapata vifaranga ambao si wa Makobe wala si wa Busega. Hao wapelekee rafiki mwenye tangi au wape bata. Ziwani wasirudishwe, na bunju wa Kerala aliyekuchosha vilevile.